Richard Meinertzhagen: Aliyepanda Juu Bila Kusutwa na Nafsi

Wazee wetu wa pwani walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii nimeijua tangu utotoni, na mara nyingi nimeitumia katika tungo zangu, lakini uzito wake niliuonja hasa nilipokuwa Dallas. Msomaji usije ukadhani kuwa nimevuka bahari nikaenda Texas. Dallas ninayoitaja ni mtaa wa mji wa Embu, chini ya Mlima Kenya, mahali ambapo baridi ya alfajiri humfanya mtu wa Mombasa akumbuke kwao kwa huzuni. Nilikwenda huko kumtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni karani wa stoo katika kampuni moja ambayo sitaitaja jina.

Baada ya sala ya laasiri tulikaa barazani kwake tukinywa chai ya tangawizi, naye akanifungulia moyo. Alikuwa na mkubwa wake kazini, mtu mcheshi, mwenye ulimi wa asali, anayemjua kila mtu kwa jina la mtoto wake. Mtu huyo alikuwa amepandishwa cheo mara mbili kwa muda mfupi. Kila aliyefanya kazi chini yake alijua kuwa jasho la wengine huliita lake, na kosa lake huliita la wengine, kisha hulala usingizi mnono. Sasa alikuwa amemletea mpwa wangu hati aitie sahihi, kuthibitisha kuwa magunia fulani yamepokewa stoo. Magunia hayo hayakuwahi kufika.

Mpwa wangu aliniuliza swali ambalo naamini wengi mmejiuliza. Mjomba, akasema, kwa nini watu wa namna hii ndio wanaofanikiwa? Na kama ndivyo dunia ilivyo, kwa nini mimi niendelee kuwa mjinga?

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Lakini kutoka pale barazani, nikiutazama mlima, nilimkumbuka mtu mmoja ambaye zaidi ya miaka mia moja iliyopita alitembea na bunduki katika miteremko yake, akavuna medali, vyeo na sifa, na aliyekufa kitandani akiwa na heshima zake zote. Nikamsimulia mpwa wangu habari zake mpaka adhana ya magharibi. Leo nakusimulia na wewe, ndugu msomaji.

UGONJWA USIO NA HOMA

Kwanza tuseme maneno machache juu ya aina hii ya watu. Mwaka wa 1941 daktari mmoja wa Marekani, Hervey Cleckley, alitoa kitabu juu ya watu ambao kwa nje ni wazima kabisa, wenye akili na maneno matamu, lakini ndani yao hamna haya wala majuto. Baadaye mtaalamu wa Kanada, Robert Hare, akatunga orodha ya dalili ishirini za kumpimia mtu wa namna hiyo: haiba ya juu juu, kujikweza, uongo wa mazoea, kuwachezea wengine, kukosa huruma na kutojuta. Wataalamu wanamwita saikopathi. Si mwendawazimu, kwani anajua vizuri lipi jema na lipi ovu. Ila ujuzi huo haumuumi.

Hare alianza kuwachunguza watu hao magerezani. Lakini mwaka wa 2006, pamoja na mwenziwe Paul Babiak, alitoa kitabu kilichohusu wale wasiofika gerezani, wale wanaovaa suti na kukaa ofisini. Walionya kuwa sifa zile zile zinazomharibu mtu huweza kumpandisha. Asiye na hofu huonekana shujaa. Asiye na huruma huonekana mwenye maamuzi. Mwongo huonekana mwenye maono.

Sisi tuliosoma chuoni tuna maneno yetu. Maalimu walitufundisha kuwa nafsi ina daraja zake: iko inayoamrisha maovu, iko inayojilaumu, na iko iliyotulia. Ile ya katikati, inayojilaumu, ndiyo inayotusumbua usiku. Tena tulifundishwa alama tatu za mnafiki: akisema huongopa, akiahidi havitimizi, akiaminiwa hufanya khiana. Ziweke alama hizo tatu akilini, msomaji, maana zitatufaa.

Sitaki kujifanya daktari wa maiti. Hakuna awezaye kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa, na kila mmoja wetu ana chembe ya dalili hizo. Ninachoweza ni kueleza matendo yake.

MTOTO WA MATAJIRI

Richard Meinertzhagen alizaliwa London tarehe 3 Machi, 1878, katika familia ya watu kumi waliozaliwa kwa baba mmoja na mama mmoja. Ukoo wake wa asili ya Kijerumani ulikuwa wa mabenki, tajiri wa kupindukia. Mama yake alikuwa dada yake Beatrice Webb, yule bibi mashuhuri wa siasa za ujamaa Uingereza. Mtoto huyu alisoma Harrow, shule ya wana wa wakubwa, na tangu udogo alipenda ndege wa porini kupita kiasi. Mwenyewe alisimulia kuwa katika shule aliyopelekwa kabla ya Harrow alipigwa na kuteswa kikatili na mwalimu, na kwamba moyo wake ulikufa huko. Huenda ni kweli. Lakini wako wengi walioteswa utotoni wakakua wakiwa na huruma kuliko sisi.

Kazi ya benki ilimchosha. Mwaka wa 1899 akaingia jeshini akapelekwa Bara Hindi, na mwaka wa 1902 akahamishiwa jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alishuka Mombasa mwezi wa Mei mwaka huo, kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye sura ya kupendeza na mazungumzo ya kuvutia. Reli ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Nyanza miezi michache kabla. Akapanda gari la moshi akaenda bara.

MKONO WA AMANI

Kazi ya Keya wakati huo ilikuwa kuwatiisha wenyeji. Meinertzhagen alipigana katika nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1902, na tena mwaka wa 1904 katika msafara uliokwenda kuwapiga watu wa Iriaini katika miteremko ya Mlima Kenya. Haya tunayajua kwa sababu yeye mwenyewe aliyaandika, katika kitabu cha kumbukumbu zake za Kenya kilichochapishwa mwaka wa 1957. Humo alieleza jinsi mwaka wa 1902 alivyoamuru kijiji kizima kiuawe kwa risasi na singe, wasibakizwe ila watoto, kulipiza kisasi cha Mzungu mmoja aliyeuawa. Ni kweli kuwa mtu huyu alikuwa mwongo, nasi hatuwezi kuliamini kila neno lake. Lakini hebu fikiri: kama ni kweli, basi aliua kijiji na hakuona haya kukichapisha. Na kama ni uongo, basi alijizulia mauaji ya kijiji akidhani yatampamba. Sijui lipi baya zaidi.

Mwaka wa 1905 alikuwa katika nchi ya Wanandi. Wanandi walikuwa wameipinga reli na utawala wa Kiingereza kwa miaka kama kumi na mmoja, na kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao, mtu wa dua na uongozi. Meinertzhagen alimpelekea habari kwamba wakutane wasuluhishane. Ikaahidiwa kuwa kila upande utakuja na watu watano tu. Siku ilikuwa tarehe 19 Oktoba, 1905. Meinertzhagen alifika na askari wapatao themanini, na wengi wao akawaficha kando. Mapokeo ya Wanandi yanasema Koitalel alikuja ameshika majani mkononi, na majani kwao ni alama ya amani. Mkono ulipotolewa kwa salamu, Koitalel alipigwa risasi, na wenziwe wengi wakauawa papo hapo. Meinertzhagen akachukua fimbo za uongozi za marehemu akaenda nazo kwao kama mtu aliyerudi na zawadi kutoka safarini.

Hiyo ndiyo alama ya ahadi, msomaji. Hata katika vita, amani ikisha kutolewa ina utukufu wake, na hilo linajulikana kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa asiye na kitabu.

Yeye alidai kuwa Koitalel ndiye aliyekuwa amepanga kumuua. Wenziwe kadhaa hawakuridhika, na mabaraza ya kijeshi yakakaa mara tatu kulichunguza jambo. Mara zote tatu yakamsafisha. Lakini fununu haikufa, na wakubwa wakaona ni bora aondoke. Mwezi wa Mei, 1906 akarudishwa Uingereza. Hakufungwa, hakuvuliwa cheo, wala hakukatwa mshahara. Wiki chache baadaye, kati ya Juni 18 na Julai 19, jeshi lile lile la Keya likavuka kwenda kuwatiisha Waembu, na mwaka huo huo ikasimamishwa boma ambayo mji wa Embu ulikua pembezoni mwake. Ardhi tuliyokuwa tumeikalia mimi na mpwa wangu pale Dallas, tukipulizia chai, ilifunguliwa kwa mwendo ule.

Wanandi hawakusahau. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, aliwekwa kizuizini na Waingereza katika miaka ya 1920, na hakuachiwa huru mpaka mwaka wa 1964, Kenya ilipokuwa imekwisha kujitawala.

MKOBA ULIOANGUSHWA

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, yule aliyeondolewa Kenya kwa fununu alirudi Afrika Mashariki akiwa afisa wa upelelezi. Alikuwamo katika kikosi kilichotoka Bara Hindi kuja kuiteka Tanga mwanzoni mwa Novemba, 1914. Waingereza walileta askari wapatao elfu nane, na Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck hawakuzidi elfu moja au zaidi kidogo. Wazee wa Tanga waliwasimulia wajukuu jinsi nyuki walivyotoka mizingani wakawashambulia askari, na jinsi jeshi kubwa lilivyorudi majini likiziacha bunduki ufukweni.

Lakini hata katika aibu ile Meinertzhagen alijua kujichongea jina. Alianzisha mtandao wa wapelelezi, na wapelelezi hao aliwatuma wakaokote makaratasi katika vyoo vya kambi za Wajerumani, kwa kuwa maafisa walikuwa wakitumia barua na hati za kijeshi kwa haja zao. Jambo hilo lilikuwa na manufaa makubwa, na lazima tumpe haki yake: mtu huyu hakuwa mvivu wala mpumbavu. Alisimulia pia jinsi alivyomwangamiza Mwarabu mmoja aliyewapelelezea Wajerumani. Alimwandikia barua ya kumshukuru kwa habari alizodai amempa, akaambatanisha fedha, kisha akahakikisha kuwa barua inanaswa na Wajerumani. Nao wakamuua mtu wao wenyewe kwa mikono yao. Hadithi hiyo aliipenda mno.

Mwaka wa 1917 akahamishiwa Palestina, ambako Waingereza walikuwa wakipigana na Waturuki wa dola ya Uthmaniya. Hapo ndipo panapotoka hadithi iliyomfanya mashuhuri duniani. Inasemekana afisa mmoja alipanda farasi akawasogelea walinzi wa Kituruki, akajifanya amejeruhiwa, akakimbia akiwa ameangusha mkoba wenye hati za uongo, zilizoonyesha kuwa shambulio litakuwa Gaza. Waingereza wakashambulia Birsaba tarehe 31 Oktoba, 1917, na mji ukaanguka. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa kuwa aliyebuni hila hiyo ni Meinertzhagen, na aliyepanda farasi ni yeye. Hata filamu ya Australia ya mwaka wa 1987 ilimwonyesha hivyo.

Watafiti walipokuja kuzifukua hati, waligundua mengine. Wazo lilikuwa la afisa aitwaye Belgrave, na aliyepanda farasi alikuwa Arthur Neate. Belgrave aliuawa vitani mwaka wa 1918, na maiti hadai haki yake. Neate alifungwa na siri ya kazi akanyamaza kwa miaka mingi. Hapo katikati palikuwa na pengo, na mtu asiyesutwa na nafsi akalikalia. Mpwa wangu alipofika hapa alitikisa kichwa akacheka kicheko kisicho na furaha, maana alikuwa ameyaona hayo hayo ofisini kwake.

Baada ya vita aliketi katika mkutano wa amani wa Paris, kisha akawa afisa mkuu wa siasa katika Palestina chini ya Jenerali Allenby, akiwa mtetezi mkali wa Uzayuni. Mwaka wa 1920 aliondolewa, kwa kuwa alimruka mkubwa wake akaandika London kuwashitaki maafisa wenziwe. Unadhani alishuka? Mwaka uliofuata alikuwa mshauri wa kijeshi katika Wizara ya Makoloni. Huko alifanya kazi pamoja na T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kama Lawrence wa Uarabuni, ambaye alipomwandika kitabuni mwake alimwonyesha kuwa mtu anayefurahia hila kama anavyofurahia kuua, na akaandika hayo karibu kama sifa.

NDEGE WALIOIBWA

Sasa tuje kwenye alama ya amana, nayo ndiyo iliyomfichua mwisho wa yote.

Nimesema kuwa alipenda ndege. Alikusanya ngozi za ndege maelfu kwa maelfu, akawa mtaalamu mkubwa. Kitabu chake cha ndege wa Uarabuni, kilichotoka mwaka wa 1954, kilikaa katika maktaba za wataalamu, ingawa sehemu kubwa kilitegemea mswada wa George Bates, mtaalamu aliyefariki mwaka wa 1940 kabla kazi yake haijachapishwa. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa klabu ya wataalamu wa ndege wa Uingereza, na mwaka wa 1957 akapewa nishani ya ufalme. Mwaka wa 1954 aliipa jumba la makumbusho la London ngozi zipatazo elfu ishirini, na watu wakamshukuru kwa ukarimu wake.

Ukarimu huo ulikuwaje? Ngozi nyingi kati ya hizo zilikuwa mali ya makumbusho hayo hayo na ya makumbusho mengine. Alikuwa akiingia kama mgeni mheshimiwa, akiaminiwa peke yake katika chumba cha ndege, akatoka na ngozi mfukoni. Nyumbani aliondoa kibandiko cha zamani, akaweka chake, akaandika mahali na tarehe alizozitunga. Kwa hiyo aliiba ndege, akaiba jasho la aliyemkusanya, na juu ya hayo akaitia sumu elimu yenyewe, kwa kuwa wanasayansi walijenga hoja zao juu ya mahali ambapo ndege yule hakuwahi kuonekana.

Yuko bundi mmoja mdogo wa misitu ya Bara Hindi ambaye hakuwa ameonekana kwa yakini tangu mwaka wa 1884. Meinertzhagen alidai kuwa alimpata mmoja Gujarat mwaka wa 1914. Watu wakamtafuta bundi huko miaka na miaka bila kumwona. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Marekani, bibi Pamela Rasmussen, akaichunguza ngozi ile, akaona kuwa ni ya ndege aliyekusanywa na mtu mwingine, James Davidson, katika miaka ya 1880, ikaibwa na kutengenezwa upya. Basi akaiweka kando habari ya Gujarat, akaenda na wenziwe mahali palipotajwa na wakusanyaji wakweli. Mwezi wa Novemba, 1997, katika jimbo la Maharashtra, bundi akaonekana juu ya mti, mzima. Miaka yote ile hakuwa amepotea. Aliyepotea ni watu waliomwamini mwongo.

Msomaji utauliza, je, hapakuwa na aliyejua mapema? Hapo ndipo pana uchungu. Walijua. Mwaka wa 1919 alinaswa, akapigwa marufuku kuingia chumba cha ndege kwa mwaka mmoja na nusu. Kisha mkubwa mmoja akamwombea akarudishwa. Wafanyakazi wa makumbusho walimshuku kwa zaidi ya miaka thelathini, na mara mbili ilikaribia afikishwe mahakamani, lakini haikuwa. Alikuwa kanali, alikuwa mtoto wa watu, alikuwa na zawadi ya ngozi elfu ishirini mkononi. Nani angetaka fedheha?

NYUMBANI KWAKE

Juu ya maisha yake ya nyumbani nitasema kidogo, kwani mengi ni dhana, na dhana nyingine ni dhambi. Mke wake wa pili, Annie Jackson, alikuwa mtaalamu hodari wa ndege kwa haki yake mwenyewe. Walioana mwaka wa 1921 wakapata watoto watatu. Tarehe 6 Julai, 1928, huko Uskochi, alikufa kwa risasi ya bastola iliyomwingia kichwani walipokuwa wakifanya mazoezi ya shabaha. Mumewe ndiye shahidi pekee. Ilitangazwa kuwa ni ajali, na mpaka leo rasmi ni ajali. Wako walioandika kuwa hawaamini, lakini hapakuthibitishwa lolote, nami naliacha kwa Mwenye kujua ya siri.

Nataka uone jambo moja tu. Mtu akisha kujulikana kwa uongo, hata msiba wake hausadikiwi. Huo nao ni umasikini, ingawa hauonekani katika daftari la benki.

Richard Meinertzhagen alikufa London tarehe 17 Juni, 1967, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa. Aliacha majalada zaidi ya sabini ya kumbukumbu zake, yamepigwa chapa vizuri, ambayo wanahistoria waliyanukuu kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Baadaye ikaonekana kuwa kurasa kadhaa aliziandika upya miaka mingi baada ya matukio, ili aonekane aliyatabiri mambo au aliyatenda. Hiyo ndiyo alama ya uongo katika maneno, na kwake ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Mwaka wa 2007 mwandishi wa Marekani, Brian Garfield, alitoa kitabu kizima cha kuyafumua, na jina lile likaanguka. Mwaka mmoja kabla ya hapo, fimbo za Koitalel zilirudishwa Kenya, zikapokewa na Wanandi kwa machozi.

NGAZI INA WASHIKAJI

Nilipomaliza, mpwa wangu alisema, Mjomba, basi mtu huyu alishinda. Aliishi miaka karibu tisini, akafa na nishani zake. Aibu imempata akiwa hana habari. Ukweli uliokuja miaka thelathini baada ya mazishi umemfaa nani?

Sikumdanganya. Ningeweza kumwambia kuwa kila mwovu huadhibiwa hapa hapa duniani, lakini si kweli, na sisi tunaoamini Siku ya Hesabu hatuna haja ya kusema uongo juu ya siku za dunia. Ndiyo, alifanikiwa. Nikamwambia kuwa swali lake lilikuwa zuri, ila limekaa upande. Aliuliza kwa nini mtu asiye na nafsi ya kujilaumu anapanda. Mimi nikamwomba aulize, anapanda juu ya ngazi gani, na ni nani ameishika?

Tazama tena maisha yale. Mabaraza matatu yalimsafisha, na kila baraza lilikuwa na watu wenye majina na kalamu. Mkubwa mmoja alimwombea arudishwe makumbusho. Makarani wa makumbusho walihesabu ngozi zilizopungua wakanyamaza. Maafisa waliomjua kuwa mwongo walimpa cheo kingine kwa sababu uongo wake uliwafaa vitani. Watu hawa hawakuwa mashetani. Wengi walikuwa na nafsi zenye kuwasuta, na naamini ziliwasuta usiku. Lakini asubuhi walitia sahihi. Mtu mmoja asiye na haya hawezi kufika mbali peke yake, anahitaji wenye haya wengi watakaonyamaza.

Na gharama ya ukimya huo hailipwi na mwenye kunyamaza. Ilimfikia Koitalel, akaja na majani mkononi. Belgrave aliilipa, na Bates, na wale waliomtafuta bundi mahali ambapo hakuwapo. Katika habari ya magunia ya mpwa wangu, atakayeilipa ni mkulima atakayeambiwa mali imekwisha, au mlinzi wa stoo atakayeshitakiwa kuwa ndiye mwizi siku ya ukaguzi.

Nilimwambia pia asijitie kuwa mganga, akampachika kila bosi mkali jina la saikopathi. Ukali si ukatili, na tamaa ya cheo si dhambi. Tusimtafute mtu kwa sura wala kwa maneno yake matamu. Tumpime kwa zile alama tatu, tena zirudie rudie: neno lake, ahadi yake, na kile alichoaminiwa. Ukiziona zote kwa mtu mmoja, mara kwa mara, bila majuto, basi usimwazime kalamu yako.

Asubuhi yake nilipanda basi kurudi pwani. Mlima ulikuwa wazi, mweupe kileleni. Wiki mbili baadaye mpwa wangu alinipigia simu. Alikuwa amekataa kutia sahihi, akaandika kwenye hati ile ile kwamba magunia hayakufika, akabaki na nakala yake. Wamemhamishia stoo ndogo iliyo mbali na mjini, mshahara ni ule ule, nauli imeongezeka. Mkubwa wake bado yuko mahali pake, anacheka na watu na kuwauliza hali za watoto wao. Lakini ile hati imekaa bila sahihi, na haijampata mtu mwingine wa kuitia.